Mango, Joka na Jirani: Kisasili cha Chini ya Mlima Elgon na Watambaji Wake Wapya

Miongoni mwa visasili vya Wabukusu, kile cha Mango na joka ndicho kinachotambwa zaidi, na ndicho, kwa maoni yangu, kinachosomwa kwa uzembe zaidi. Kwa muhtasari, kisa chenyewe ni hiki. Palikuwa na joka kubwa lililokaa pangoni pale Mwiala, likila mifugo na watu. Mango, mtu wa ukoo wa Bakhurarwa, alifiwa na mwanawe kwa sababu ya joka hilo, akaapa kuliua. Majirani zake, ambao Wabukusu huwaita Barwa, walimcheka: mtu asiyetahiriwa ataliwezaje joka lililowashinda waliotahiriwa? Mango akanoa silaha yake, akaingia pangoni joka likiwa mawindoni, akajibanza penye mwingilio, na liliporudi na kuingiza kichwa, akalikata. Kichwa kikaruka kikauma mti, na mti ukapukutika majani papo hapo. Barwa walipoyaona hayo wakamtahiri kwa heshima, na tangu siku hiyo Wabukusu wakaanza, au wakaanza tena, kuwatahiri vijana wao.

Kati ya "wakaanza" na "wakaanza tena" kuna neno moja tu lililozidi. Makala haya yanahusu neno hilo, na jinsi nilivyolisikia vizuri kwa mara ya kwanza katika masimulizi yasiyotarajiwa kumfunza mhakiki chochote.

Kama watoto wengi wa Bungoma, kisa hiki nilikipata vipande vipande, Agosti ya mwaka wa shufwa, wakati vijana waliopakwa matope wanapoletwa nyumbani kutoka mtoni asubuhi kwa wimbo wa Sioyaye. Hakuna aliyeketi akatutambia tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee mmoja alitaja pango. Shangazi akautaja mti ulionyauka, tena kwa kuutupia jicho mparachichi uliokuwa uani, hata nikaukwepa mti huo kwa muda mrefu. Kisa kizima, chenye kichwa na mkia, nilikuja kukikuta nilipoanza kusoma vitabu: Günter Wagner, aliyefanya utafiti wake Kavirondo ya Kaskazini miaka ya 1930 na kuuchapisha kuanzia 1949, na F. E. Makila, aliyeitoa historia yake ya Wabukusu mwaka 1978, ndio waliotufungulia mlango sisi wa kizazi cha baadaye. Tunawashukuru. Lakini kisasili kikishatiwa kitabuni huwa kama nguo iliyopigwa pasi. Mikunjo inayoonyesha alipokaa mvaaji imekwisha kuondolewa.

Katika miaka ya karibuni, nikifundisha Kitale na kurudi Bungoma kila mwisho wa juma, nilianza kusikiliza masimulizi ya Mango yaliyowekwa kwenye intaneti. Matatu hupita Kiminini, Kamukuywa, Kimilili na Chwele, na safari nzima yatosha kwa Mango kuliua joka mara nne au tano. Watambaji ni wa kila namna. Yupo mzee aliyerekodiwa na mjukuu wake chini ya mgomba, kuku wakipita mbele ya simu. Yupo kijana anayesimulia kwa Kiingereza cha Nairobi, na mwingine anayechanganya Lubukusu na Kiswahili kwa kadiri hasira zinavyompanda. Wapo hata waliokigeuza kisa kuwa katuni.

Sitaki kuyapamba masimulizi hayo, maana mengi ni mabaya. Joka la Mwiala limetiwa mabawa na moto kinywani, likawa ndugu wa majoka ya hekaya za Ulaya, ilhali joka letu halikuhitaji moto. Kuuma kwake tu kuliukausha mti. Muziki huifunika sauti. Fanani huharakisha kana kwamba anadaiwa. Zaidi ya hayo, hadhira haipo: hakuna wa kuitikia, wa kuguna, wala wa kurekebisha. Yeyote aliyewahi kuhudhuria kumuse, ile hotuba ya matanga ambayo msemaji wake hutembea huku na huko mbele ya waombolezaji akizifungua historia za koo, atatambua mara moja kilichopotea. Pale kumuse msemaji akikosea jina la babu wa mtu, wenyewe wapo, na nyuso zao zinamtazama.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo masimulizi haya yalinipa na ambalo kumuse isingeweza kunipa. Albert Lord alikwisha kutuonyesha mwaka 1960, kwa kuwachunguza watambaji wa Yugoslavia, kwamba fanani hakariri utendi bali huutunga upya kila anapoutamba. Ruth Finnegan akalijadili suala hilo kwa upana wa bara zima katika kitabu chake cha 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika (kitabu ambacho, tangu toleo jipya la 2012, husomwa bure kwenye intaneti, mwanafunzi wa Kitale asiye na nauli ya kufika maktaba za Nairobi hana tena udhuru). Kwa Kiswahili, makala ya M. M. Mulokozi kuhusu tanzu za fasihi simulizi, iliyotoka katika Mulika mwaka 1989, ilitukumbusha kuwa utanzu hauwezi kuelezwa bila kutazama namna unavyowasilishwa. Hayo nimeyafundisha kwa miaka mingi. Lakini mwanafunzi huyakubali kama anavyokubali kwamba dunia inazunguka: anaamini, ila hausikii mwendo. Kijijini mtu humsikia mtambaji mmoja msimu huu, na mwingine baada ya miaka miwili. Kufikia hapo, la kwanza limefifia. Simuni niliwasikia watambaji saba katika alasiri moja, na mwendo ule nikausikia.

Nilichogundua ni kwamba sehemu nyingi za kisa hazitikisiki. Pango halitikisiki, wala silaha, wala mti. Hata mwanamke anayeomboleza nje ya pango, akidhani Mango amekwisha kufa, huonekana karibu kila mahali, ingawa mara ni mkewe na mara ni mamake. Kinachotikisika ni Barwa. Kwa mtambaji mmoja ni watani. Kwa wa pili ni walimu wanaomkabidhi Mango siri ya utu uzima. Wa tatu anawafanya maadui walioshindwa na kutahayari. Na kwa watatu kati ya wale saba hawapo kabisa: Mango analiua joka, wazee wa Kibukusu wanakutana, na kisu kinapatikana bila kuelezwa kimetoka wapi.

Hawa watatu wote walitumia lile neno "tena". Kwa mujibu wao, mababu walitoka Misri wakiwa na desturi ya tohara, wakaiacha njiani kwa taabu za safari, na Mango akaifufua tu. Simulizi ya Misri ina mizizi yake, na si kazi ya mhakiki kuamua mababu wa nani walipita wapi. La kwetu ni kutazama neno linafanya kazi gani ndani ya kisa. Na kazi ya "tena" ni hii: inamwondoa jirani. Kama tohara ilikuwa yetu tangu Misri, basi kicheko cha Barwa ni kelele tu, na kisu chao hakihitajiki. Ukiiondoa "tena", kisa kinasema jambo zito ambalo sijui kama jamii nyingine yoyote hapa Kenya imethubutu kulisema juu yake yenyewe kwa uwazi namna hiyo: kwamba alama tunayojitambulisha nayo kuliko zote tulipewa na watu wengine, baada ya wao kutucheka.

Labda ningeliacha suala hilo hapo, kama tofauti ya matoleo tu, lau nisingekutana wiki hiyohiyo na masimulizi kutoka upande wa pili wa mlima. Wagisu wa Mbale, ambao ni ndugu wa Wabukusu, nao hutahiri katika miaka ya shufwa, na msimu wao hufunguliwa pale Mutoto. Lakini kwao hakuna Mango. Kisa chao ni cha Masaba, yule ambaye mlima wenyewe unaitwa kwa jina lake, aliyetaka kumwoa msichana wa Kikalenjin. Msichana alikataa kuolewa na mwanamume asiyetahiriwa, na Masaba akakubali kisu kwa ajili yake. Jina la msichana huyo ni Nabarwa. Msomaji na alitamke polepole. Ndani ya jina la bibi harusi mna Barwa walewale waliosimama nje ya pango la Mwiala wakicheka.

Hapo ndipo kalamu iliponiwasha. Visa viwili, milki mbili za kikoloni, nchi mbili baadaye, na katika vyote viwili jirani anadai nafasi yake. Ukimtoa mlangoni akiwa mtani, anarudi dirishani akiwa mchumba. Watambaji wa Bungoma wanaomfukuza hawajui kwamba upande wa Mbale amekwisha kuolewa na ni mama wa watu.

Nilipoanza kumtafuta jirani huyu kwingineko katika visakale vya Afrika Mashariki, nilimkuta pasipo taabu. Kisa cha Fumo Liyongo kilichapishwa kwa nathari na Edward Steere mwaka 1870, kikatungwa kuwa utenzi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, na katika miaka yetu Emmanuel Mbogo amekifanya tamthilia. Sisi wahakiki tumezoea kukisoma kama kisa cha ndugu wanaogombania utawala, na kama kisa cha mtoto aliyemchoma babake sindano ya shaba kitovuni. Ni nadra kukaa na kipengele cha Wagala. Hao ndio waliomwona Liyongo wakatamani mbegu yake, wakamwoza binti yao. Na mtoto aliyezaliwa katika utenzi ndiye muuaji. Vivyo hivyo katika kisakale cha Waluo cha Lwanda Magere, ambacho Okoiti Omtatah alikiandikia tamthilia: nguvu za shujaa zimo kivulini mwake, na anayeigundua siri hiyo ni mke aliyetoka kwa majirani wa Kinandi.

Ulinganisho huu una faida kwa mhakiki. Pwani na ziwani, zawadi ya jirani humuua shujaa. Mlimani, zawadi ya jirani humfanya shujaa awe mtu mzima. Mke ni yuleyule, mpaka ni uleule, hofu ni ileile. Kinachobadilika ni jinsi jamii inavyoamua kuumaliza mkasa. Sisemi kwamba watu wa mlimani walikuwa na hekima kuliko wa Pwani. Nasema kwamba waliliacha wazi jambo ambalo wengine walilifunga kwa kifo, na jambo lililoachwa wazi laweza kufungwa na mtambaji yeyote, hata leo, kwa neno moja.

Yafaa nieleze kwa nini jambo hili halikuwa mchezo wa kitaaluma kwangu. Wakati huo nilikuwa nimeombwa niandike tamthilia fupi ya Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wangu wa Kitale. Darasa hilo ni la Trans Nzoia halisi: Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu, na wachache ambao wazazi wao walikuja kufanya kazi katika mashamba makubwa wasirudi walikotoka. Wazazi wa vijana hawa wanaikumbuka vizuri miaka ya 1991 hadi 1993, nyumba zilipochomwa katika Trans Nzoia na kwenye miteremko ya mlima, majirani wakikimbiana. Wilaya ya Mlima Elgon ilikatwa kutoka Bungoma katika mwaka huo wa 1993. Baadaye kikaja kipindi cha 2006 hadi 2008, kilichotokana na mgogoro wa mashamba ya Chebyuk, ambacho kiliwaumiza Wasabaoti wenyewe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Hata majina ya mahali hayamwachi mtu apumzike: wapo wanaoeleza kwamba Bungoma yenyewe imepata jina kutokana na Wabongomek, ambao ni tawi la Wasabaoti.

Katika mazingira hayo, kumwandika Omurwa jukwaani ni kazi ya hatari kidogo. Nilipokuwa nikisoma rasimu ya kwanza darasani, tukafika kwenye neno "Barwa", msichana mmoja wa Kisabaoti akauliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hawa watu kwao wanaitwaje?"

Swali hilo lina uzito ambao mtambaji wa Lubukusu hahitaji kuubeba. Anapotamba kwa Lubukusu mbele ya Wabukusu, "Barwa" ni neno la nyumbani. Kila msikilizaji hulijaza kwa uzoefu wake. Mtambaji wa Kiswahili hana kinga hiyo. Anatumia lugha ambayo jirani anaielewa, na jirani yumo ukumbini. Ni lazima achague. Akiandika "Wasabaoti", amekitia kisasili jina la leo, na kicheko cha kale kinakuwa tuhuma kwa watu walioketi safu ya tatu. Akiandika "maadui", ameongopa, maana adui hamtahiri mtu kwa heshima. Akiandika "majirani" tu, amelainisha mno. Akiacha "Barwa" bila maelezo, amewageukia wa kwao na kuwapa wengine mgongo. Nimetafsiri mengi maishani, lakini sikumbuki neno jingine lililonikalia shingoni kwa muhula mzima.

Mwenzangu mmoja wa idara alinionya kwamba nilikuwa njiani kuandika mchezo wa kuhubiri amani, wa aina ile inayofadhiliwa, huchezwa mara moja mbele ya wageni, kisha husahaulika. Onyo lake lilinisaidia, ingawa sikubaliani nalo. Mchezo wa aina hiyo ungemfanya Omurwa awe mpole. Mimi sitaki Omurwa mpole. Kicheko chake lazima kiumize, kwa kuwa bila kicheko Mango haingii pangoni. Mtu aliyefiwa na mtoto anachekwa na jirani kwa sababu ya mwili wake. Hilo ni jambo katili, na kisasili hakilifichi. Ugumu na uzuri wa kisa umo katika kuwa mkono uliomnyooshea Mango kidole kwa dharau ndio huohuo uliomshikia kisu baadaye. Mtambaji anayeuondoa ukatili anakiharibu kisa sawasawa na yule anayemwondoa jirani.

Nikawapeleka wanafunzi Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyo wa mlowezi Hugh Stoneham na kufunguliwa chini ya makumbusho ya taifa mwaka 1974. Nilitaka wazione nyumba za jadi zilizojengwa katika uwanja wake. Wao walivutiwa zaidi na nyoka. Walisimama mbele ya mmoja aliyelala fofofo, na mvulana wa Kiminini akasema huyu hata mti wa karatasi hawezi kuukausha. Nimekitia kichekesho hicho katika onyesho la kwanza.

Kwa sasa mswada una maonyesho manne. Neno "Barwa" limebaki, lakini halitamkwi na Mango wala na mtambaji. Linatamkwa na Barwa wenyewe, wakijiuliza kwa nini watu wa bondeni wanawaita hivyo, na wakilijibu swali la yule msichana kwa kujitaja kwa jina lao. Joka halionekani. Tunausikia tu mti ukipukutika. Neno "tena" nimelipa watu wawili wanaobishana pembeni mwa jukwaa tangu mwanzo, mmoja akisema "wakaanza" na mwingine "wakaanza tena", na hakuna anayewaamulia.

Kilichobaki ni onyesho la kisu. Nimeliandika mara sita. Wanafunzi wanataka Omurwa aseme neno kabla ya kukata, na kila mmoja ameniletea neno lake, likiwa limeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa. Yule msichana wa safu ya tatu ameniletea mstari mmoja kwa Kisabaoti, na hajakubali bado kunitafsiria.